Maswali yenu: Dorothy Arzner, mhariri aliyegeuka mwongozaji

Juzi ulimtaja Dorothy Arzner ukapita haraka. Aliingiaje Hollywood?

Kwa taipureta. Alizaliwa San Francisco mwaka 1897, akaanza kusomea udaktari, akaacha. Mwaka 1919 akaajiriwa kupiga chapa miswada ya filamu katika kampuni iliyokuja kuitwa Paramount. Haukupita muda akawa ndani ya chumba cha uhariri.

Mhariri wa filamu bubu alikuwa na kazi gani kubwa, zaidi ya kukata mikanda?

Swali linaudhi kidogo, lakini haya. Chukua Blood and Sand ya 1922, ambamo Rudolph Valentino ni mpambana na fahali. Studio gani ingemtupa nyota wake mbele ya pembe? Arzner alitafuta picha za zamani za mapambano ya kweli, akapiga nyingine mwenyewe, akazichanganya na za Valentino: fahali anakuja mbio, uso wa Valentino, fahali tena. Ukitazama unaapa walikuwa uwanja mmoja, na studio ikaokoa fedha. Mwongozaji James Cruze akavutiwa na kazi ile, akampa The Covered Wagon (1923) aihariri.

Kuongoza alipewa kwa hisani?

Hisani gani! Alitishia kuhamia studio nyingine, Columbia. Ndipo Paramount ikampa Fashions for Women, 1927.

Eti ndiye aliyebuni maikrofoni ya kuning'inia?

Wapo wengine wanaotajwa, kwa hiyo sitamkabidhi taji lote. Ila kisa chake ni kitamu. The Wild Party (1929) ilikuwa filamu ya kwanza ya mwigizaji Clara Bow kuongea, na maikrofoni za siku zile zilikaa pale zilipofichwa. Bow naye hakuwa mtu wa kutulia. Arzner akaagiza maikrofoni ifungwe kwenye fimbo ya kuvulia samaki, imfuate juu ya kichwa kokote aendako.

Mbona aliacha mwaka 1943?

Aliugua nimonia akitengeneza First Comes Courage, ikamaliziwa na mwingine. Hollywood hakurudi kuongoza. Baadaye alifundisha chuo kikuu cha UCLA, na Francis Ford Coppola, aliyekuja kuongoza The Godfather, alipita mikononi mwake.

Nianze na filamu yake ipi?

Dance, Girl, Dance, ya 1940. Msubiri Maureen O'Hara asimamishe ngoma katikati ya onyesho, awageukie wanaume waliolipa kuja kumzomea, na awape vidonge vyao mmoja mmoja.