Madogo mnaotaka kuwa mangaka, jifunzeni kumaliza stori kwanza

Siku hizi napokea michoro mingi sana ya vijana wanaotaka kuwa mangaka, yaani wachoraji wa manga, zile katuni za hadithi za Kijapani, wengi wapo sekondari na wengine chuo, na kiukweli mnachora, mikono ipo, kuna madogo wa Mwanza na Mombasa wanachora nywele na macho vizuri kuliko watu niliosoma nao Tokyo. Ila karibu wote mnanitumia kitu kile kile: jamaa mmoja kasimama kashika panga, upepo unapeperusha koti, chini imeandikwa chapta ya kwanza inakuja. Nikiuliza stori iko wapi naambiwa ipo kichwani, ndefu hatari, ina falme saba na vita tatu, bado tu haijaanza kuchorwa. Sasa nataka tuongee vizuri kuhusu hii kazi ilivyo, kwa sababu nimeisomea kule na nimekaa kwenye studio ya mangaka nikiwa msaidizi, na naipenda sana, ndo maana nataka muingie mkiwa mnajua mnachoingia.

Kwanza eleweni kwamba manga Japani ni kazi ya majarida. Hauanzi kwa kutoa kitabu, unaanza kwa kupewa nafasi kwenye jarida, na jarida lina tarehe yake haimsubiri mtu. Shonen Magazine ya kampuni ya uchapishaji ya Kodansha na Shonen Sunday ya Shogakukan zimeanza zote 1959, Shonen Jump ya Shueisha ikaja 1968, na sasa hivi zote ni za kila wiki, stori moja ya wiki inabeba kama peji 19. Hizo peji 19 uzifikirie stori yake, upange fremu, yaani viboksi vya picha, upige penseli, upige wino, uchore nyumba na barabara na miti, ujaze nyeusi, uweke skrintoni, zile karatasi zenye vidoti vya kutengeneza kivuli, afu ukishakabidhi kesho yake unaanza za wiki inayofuata, hakuna kusema leo sina mudi. Na wasomaji wanakupigia kura, Jump miaka na miaka imekuwa ikiweka kadi ndani ya jarida msomaji anataja stori tatu alizozipenda, na stori ikikaa chini muda mrefu inakatwa, zipo zilizokatwa hata chapta ya 20 hazijafika, mtu ameota hiyo kitu toka utoto.

Kwa hiyo mhariri wa jarida akikutana na mchoraji mpya, swali lake kubwa ni kama huyu mtu anaweza kutoa stori inayoeleweka, akaimaliza, afu akatoa nyingine. Uzuri wa mchoro unaweza kukua ukiwa kazini, ukichukua manga nyingi kubwa ukaangalia kitabu cha kwanza na cha ishirini utadhani wamechora watu wawili tofauti.

Hapa ndo inakuja kitu kinaitwa neemu, na wengi wenu mnaoangalia anime, katuni za video za Kijapani, hamjawahi hata kukisikia. Neemu ni rasimu ya stori nzima kwenye karatasi za kawaida, fremu zote zipo, maneno yote yapo, watu ni viduara tu vyenye macho. Mhariri anasoma hiyo kabla hujagusa wino. Anairudisha, unaandika upya, anairudisha tena, na kuna stori zinafia hapo hapo. Nilivyoona mhariri anasoma kwa mara ya kwanza nilishangaa, alichukua peji zote akazigonga mezani zikae sawa, akaanza kufunua, fasta, peji thelathini na kitu zikaisha ndani ya dakika chache, hajatabasamu hajakunja uso. Ile peji kubwa ya pigano ambayo ndo roho ya kazi aliipita kama zingine. Alikosimama ni sehemu moja tu, alirudi nyuma peji moja, akasoma tena, akaendelea. Alipomaliza alianzia hapo hapo aliporudi, kwamba pale hakujua nani anaongea. Afu akauliza huyu mhusika anataka nini. Basi hayo mawili ndo yamebaki kwangu kama kipimo mpaka leo: msomaji asirudi nyuma, na ajue mtu wangu anataka nini mapema, ikiwezekana ndani ya peji nne za mwanzo.

Mazoezi yake ni haya. Weka pembeni zile falme saba, hazitakimbia. Chora stori ya peji 16 yenye mwanzo na mwisho, sehemu moja, watu wawili au watatu. Tuseme konda wa daladala ya Mbagala, abiria kashuka kaacha mfuko, konda anataka kujua kuna nini ndani na dereva anamkataza. Hiyo tu inatosha. Sasa cheza na kufunua peji, maana manga inaishi kwenye kufunua. Kitabu cha Kijapani kinasomwa kutoka kulia, unasoma peji ya kulia afu ya kushoto ndo unafunua, kwa hiyo fremu ya mwisho kabisa ipo kona ya chini kushoto. Hapo unaweka vidole vya konda vinafungua zipu. Kilichomo ndani unakiweka peji ya kwanza baada ya kufunua, fremu kubwa. Ukikiweka peji hiyo hiyo jicho la msomaji linakiona kabla hata hajasoma na umeshaharibu. Kama unachora kwa kusoma kushoto kwenda kulia kama tulivyozoea sisi basi geuza, kona yako ni ya chini kulia. Ukimaliza hiyo ya konda usiirembe miezi sita, chora nyingine.

Kuhusu usaidizi. Mangaka wa kila wiki hafanyi peke yake, ana wasaidizi, na wengi wao ni vijana wanaosubiri nafasi yao. Eiichiro Oda kabla ya One Piece kuanza 1997 alikuwa msaidizi kwa Nobuhiro Watsuki, kwa hiyo msidharau. Msaidizi mpya anaanza na kufuta penseli na kujaza nyeusi. Mangaka anapiga wino mistari, sehemu inayotakiwa iwe nyeusi anaweka alama ndogo ya x, kwenye nywele, kwenye kivuli cha shingo, kwenye viatu, na wewe unapita na brashi unajaza zile x moja moja bila kugusa mstari wake. Inachosha, mgongo unauma, ila ukijaza nywele za mtu mmoja peji baada ya peji unaanza kuona kwa nini kaacha mwanga pale na sio pale, na kwa nini upande mmoja wa peji kaufanya mzito. Shule haikufundishi hivyo. Siku hizi studio nyingi zimehamia kwenye kompyuta, wanatumia sana Clip Studio Paint, ila alama za x zipo vile vile.

Pesa sasa, na hapa naomba msome taratibu. Jarida linamlipa mangaka kwa peji, na wasaidizi anawalipa yeye mwenyewe kwenye hiyo hela. Tuchukulie mangaka mpya analipwa yeni 10,000 kwa peji, peji 19 mara wiki nne ni peji 76, hiyo ni yeni 760,000 kwa mwezi, unaona kama nyingi eeh. Sasa weka wasaidizi watatu kila mmoja yeni 200,000, imebaki 160,000, hapo hujalipa kodi ya studio, chakula cha watu wanaokesha kwako, vifaa, na kodi ya serikali. Ndo maana kuna watu stori yao inatoka kila wiki na mfukoni hamna kitu. Hela yenyewe inakuja vitabu vikitoka, kawaida mangaka anapata kama asilimia 10 ya bei, kitabu cha yeni 500 unapata 50, kikichapwa nakala 10,000 ni yeni 500,000, na kitabu kimoja kinakula chapta tisa kumi hivi. Ukikatwa mapema unatoka na kitabu kimoja au viwili. Sisemi hivi kuwatisha, nasema kwa sababu kuna wazazi watawauliza, na mkijibu kwa hesabu mtasikilizwa zaidi kuliko mkijibu kwa ndoto.

Afya pia. Yoshihiro Togashi wa Hunter × Hunter, mtu mkubwa kabisa kwenye hii kazi, mwaka 2022 aliwaambia wasomaji kwamba kwa miaka miwili hakuweza kukaa kwenye kiti na kuchora. Mgongo. Nyie mna miaka 17 mnachora kitandani umejikunja mpaka saa tisa usiku, tafuteni meza na kiti, simameni kila baada ya muda, mkono ukianza kufa ganzi acha siku hiyo, huo mkono ndo mtaji wako.

Wengi mnauliza njia ya kwenda. Lugha kwanza, lugha kwanza, lugha kwanza. Mhariri hatakuletea mkalimani, na mazungumzo ya neemu ni ya ndani sana, kwa nini huyu dada kanyamaza kwenye fremu hii, huwezi kuyajibu kwa Kijapani cha kuombea maji. Shule zipo, za ufundi za miaka miwili na vyuo vikuu, Kyoto Seika walifungua kitivo kizima cha manga 2006, na mwaka 2018 mkuu wa chuo hicho alikuwa Oussouby Sacko, Mwafrika mwenzetu mzaliwa wa Mali, kwa hiyo msidhani milango haijui sura zetu. Ila viza ya mwanafunzi inakuruhusu kufanya kazi masaa 28 kwa wiki tu tena kwa kibali, na kupata viza ya kazi kwa ajili ya kuwa msaidizi wa mangaka ni ngumu, studio nyingi ni mtu binafsi na wenzake wanne, sio kampuni yenye ofisi ya kukuandikia barua. Panga na hela ya kuishi, karo peke yake usiipigie hesabu ukaona umemaliza.

Na pia haupo ulazima wa kwenda. Afrika Mashariki tuna katuni zetu toka zamani, James Gayo na Kingo wake wametulea wengi Tanzania, Kenya kuna Shujaaz, jarida la katuni lililoanza 2010 likigawiwa bure na kuongea Sheng, na kazi za mashirika, vijitabu vya afya, mazingira, elimu ya fedha, zinalipa kodi ya chumba wakati unachora stori yako usiku. Zichukueni na mzifanye kwa heshima, mteja wa hivyo ana deadlaini na masahihisho kama mhariri tu. Kitu kimoja cha kiufundi mnachokikosea sana mkichora kwa Kiswahili: mnaiga vile vipovu vya maneno vyembamba virefu vya Kijapani. Vile vimetengenezwa hivyo kwa sababu maandishi yao yanashuka chini. Maneno yetu ni marefu na yanaenda pembeni, ukiweka "hatutawasubiri" mle ndani unalazimika kulikata mara tatu na msomaji anasoma kama roboti. Tanua kipovu, kifanye kipana, panga maneno kabla ya kuchora watu, sio baada.

Pa kupeleka kazi bila kupanda ndege papo. Serikali ya Japani kupitia wizara yake ya mambo ya nje ina tuzo ya kimataifa ya manga toka 2007, ni ya wachoraji walio nje ya Japani, fuatilieni kwa ubalozi wao Dar au Nairobi masharti ya mwaka husika. Kampuni ya Coamix ina shindano la Silent Manga Audition, stori isiyo na maneno kabisa, hiyo kwetu ni nzuri mno kwa sababu kikwazo cha lugha kinaondoka na inakulazimisha ueleze kila kitu kwa fremu. Mkikataliwa sehemu moja pelekeni kwingine, Hajime Isayama alipeleka stori yake Jump wakataka aibadilishe, akaipeleka Kodansha na 2009 ikaanza kutoka ikiwa Attack on Titan.

Mkituma kazi mtandaoni, rangi nyeusi na nyeupe fanyeni 600 dpi, yaani nukta 600 kwa kila inchi, maneno muhimu yasikae pembeni kabisa ya peji maana yatakatwa kwenye uchapaji, namba ya peji kwenye kila faili, na jina la faili liwe na jina lako. Mkinitumia mimi tumeni neemu, peji zote 16, viduara vyenye macho tu, nitasoma.