Umesema upepo, siku ikaja shwari: kwa kijana wa Malindi na wenzake

Juzi usiku nilipokea ujumbe kutoka Malindi. Kijana, mtoto wa mvuvi, ananiandikia hivi: "Assalaamu alaykum kaka. Mimi pia nawasomea wavuvi utabiri hapa kwetu. Jumamosi niliwaambia wasitoke, siku ikawa shwari kabisa. Sasa nikipita ufuoni wananiita mganga wa upepo. Niendelee au niache?"

Niliusoma mara tatu. Nilimjibu palepale, "Usiache," lakini neno moja halimtoshi mtu aliyetiwa aibu mbele ya watu wake. Najua, maana wiki iliyopita nilikuwa palepale alipo yeye. Basi naandika kwa ajili yake, na kwa nyinyi nyote mnaotaka kuwapelekea mabaharia habari za upepo. Mko wengi, mnaniandikia kila siku.

Jumanne ya wiki iliyopita, baada ya isha, nilirekodi sauti yangu kama ninavyofanya kila usiku hapa Lamu: dakika mbili, upepo, mawimbi, maji kujaa na kupwa, kisha naituma kwa manahodha. Idara ya Hali ya Hewa ilikuwa imetoa tahadhari ya upepo wa kusi wa zaidi ya noti 25, yaani kama kilomita 46 kwa saa, na mawimbi yanayozidi mita mbili, kuanzia Alhamisi. Nilitazama na ramani za upepo kwenye simu, zote zikasema hivyohivyo. Nikasema, na maneno haya sitayasahau: "Alhamisi mtu asitoke."

Alhamisi niliamka kabla ya adhana nikapanda juu darini. Mashua zilikuwa zimelala ubavu kwa ubavu, matanga yamekunjwa kwenye foromali. Kwenye mlingoti wa boti moja ya faiba kulikuwa na kibendera, kimening'inia kama kitambaa cha jikoni. Maji yametulia kama mafuta kwenye sinia. Nikajiambia upepo utakuja jua likipanda. Saa nne, hakuna. Saa nane mchana kukapita kaupepo ka kukausha nguo, basi. Nilishuka na kupanda ngazi zile siku nzima.

Alasiri nahodha mmoja alikuja kwangu. Ni mtu mzima, rika la marehemu baba, na amenifundisha kuogelea. Alikuwa amekwisha kununua barafu Jumatano kabla hajasikia sauti yangu, na barafu ile ilishinda ikiyeyuka ndani ya boksi, maji yakachuruzika kwenye mchanga mpaka jioni. Petroli ilikuwa ya deni. Mabaharia wake sita walirudi majumbani mikono mitupu. Nilimkaribisha barazani, akakataa kukaa. Akaniuliza akiwa amesimama: "Mwanangu, hiyo simu yako yaiyua bahari?" Hakungoja jibu.

Usiku nilikwenda barazani kama desturi. Dhumna zikaendelea kugongwa, hakuna aliyeinua uso. Kisha mmoja, niliyesoma naye chuoni tukiwa watoto, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Nabii amefika." Wakacheka. Nilikaa dakika chache nikaaga. Sitaficha, neno lile bado liko kifuani. Miaka sita nimeifanya kazi hii bila kulipwa hata senti, bando nanunua mwenyewe, na haya ndiyo niliyolipwa.

Jumamosi jahazi liliingia kutoka upande wa Kiwayu. Mabaharia wake wakasimulia kwamba Alhamisi walikesha nyuma ya kisiwa, nje kusi ilikuwa inanguruma na hawakuthubutu kutoa pua. Upepo ulikuja, basi. Ulipita kwa wenzetu wa kaskazini, safari ya saa chache kutoka gatini kwetu. Niliwaambia watu barazani. Mmoja akaniambia, "Sisi hatukai Kiwayu."

Na ana haki. Nataka mnielewe hapa, maana wengi wenu mnaoniandikia mna hasira na watu wenu, na hasira hiyo itawaharibia.

Tazameni kusi yenyewe. Mwezi wa Juni mpaka wa Agosti, kule chini kabisa kusini ni majira ya baridi. Hewa nzito inajikusanya juu ya bahari upande wa visiwa vya Mascarene, mashariki ya Madagaska, na inasukumwa kuja kwetu. Ikifika Afrika Mashariki inapinda na kukaza kama maji yanayopita kwenye mfereji mwembamba, ikaenda zake Somalia na Uhindi. Mwingereza mmoja, Findlater, aliuandika mkondo huo mwaka 1969, na mpaka leo wataalamu wanauita kwa jina lake. Ukipanda kilomita moja au moja na nusu juu ya vichwa vyetu ndipo unapoukuta mbio zake kali. Je, nguvu hizo zitashuka zifike kwenye maji leo, au kesho, na zitashukia Lamu au Kiwayu? Hapo ndipo kompyuta hukosea. Kompyuta hugawa bahari kwa miraba, na hata iliyo bora inayotazama dunia nzima ina miraba yenye upana wa kilomita tisa hivi. Mkanda wetu, ule mfereji kati ya Manda na bara wanaopitia watu wa Pate na Faza, ungeingia wote ndani ya mraba mmoja na nafasi ikabaki. Kompyuta haiuoni. Haijui mkoko, haijui mwamba.

Halafu kuna mlango wa Shela, njia ya kuingia Lamu kutoka bahari kuu, ambao mimi nauogopa kuliko upepo wenyewe. Maji yakipwa yanatoka kwenda nje, kusi inaingia ndani, vinakutana pale kwenye fungu la mchanga. Upepo uleule wa noti 20 ambao maji yakijaa unakusukuma taratibu mpaka gatini, maji yakitoka unasimamisha wimbi kama ukuta, fupifupi, limekunja kichwa. Bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, ndiyo mbaya zaidi kwa sababu maji yanatoka kwa kasi. Nimeona mashua ikipanda wimbi pale ikaonyesha mkuku wote. Kwa hiyo ukimwambia nahodha "Alhamisi kuna upepo" hujamwambia kitu. Mwambie saa ngapi na mlango gani. Mimi mwenyewe Jumanne ile sikusema. Nilisema "mtu asitoke", kana kwamba bahari yote ni moja. Kosa langu ni hilo, na upepo kupita Kiwayu si kosa langu.

Kuna jambo jingine linalowafanya watu wasituamini, nalo halikuanza na sisi. Mwaka 2023 waliambiwa El Nino inakuja, kisha wakasikia kwamba haiji, kisha Novemba mvua ikamwagika na barabara ya Garsen kuja Lamu ikakatwa na maji. Mwaka uliofuata, mwanzo wa Mei, kikatangazwa Kimbunga Hidaya. Pwani nzima ya Kenya uvuvi ukapigwa marufuku, fukwe zikafungwa. Hidaya ikaenda Tanzania, ikaingia upande wa Mafia, ikafia huko. Sisi hapa tulikaa na mitego yetu nchi kavu tukitazama mawingu. Hazikupita wiki tatu ikaja tufani nyingine, Ialy, na upepo wake ukaipiga pwani yetu, lakini safari hii niliposema watu walinijibu kwa picha za vikatuni vya kucheka. Walishalala njaa kwa Hidaya, hawakutaka kulala tena.

Wazee hapa husema tufani haifiki Lamu. Wana sababu. Kimbunga kinahitaji mzunguko wa dunia ukizungushe, na karibu na ikweta mzunguko huo ni dhaifu. Chini ya digrii tano ni nadra sana kizaliwe. Sisi tuko kwenye digrii mbili na kitu, nyinyi wa Malindi tatu na kitu. Lakini Unguja iko kwenye digrii sita tu, na Aprili 1872 tufani ilizizamisha merikebu za Sayyid Barghash bandarini na kung'oa mikarafuu karibu kisiwa kizima. Mzee akikwambia hakuna, usimcheke. Mkumbushe Unguja, kwa adabu, kisha unyamaze.

Na usijitie kujua kuliko yeye. Nilipoanza nilikuwa na kiburi hicho, nasema wazi. Nilitoka kwenye mafunzo ya siku tatu nikadhani simu yangu imefuta elimu ya watu waliohesabu miongo ya siku kumikumi tangu Nairuzi, mwaka mpya wa Waswahili, wakajua maji ya mwezi gani yana samaki gani. "Kilimia kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua, huzuka kwa jua." Mtu aliyelea watoto saba kwa kauli kama hiyo ya nyota za kilimia hawezi kuiacha kwa sababu wewe una bando. Muulize kwanza ameonaje mawingu, kisha umwambie ulichoona wewe. Mara nyingi mtakutana njiani.

Sasa ushauri wenyewe, kijana wangu. Ni mchache.

Kwanza, usiseme "asitoke mtu". Sema kwa kiasi. Mimi siku hizi natumia madema, kwa sababu kila mtu hapa ametega madema, mitego ya samaki. Nawaambia: upepo huu ni madema saba kwa kumi. Anajua maana yake bila kufafanuliwa. Ukitega kumi, saba yakapanda na samaki, matatu yakapanda matupu, huendi kuchoma mitego yako. Siku shwari kama ile Alhamisi ni dema tupu. Ningewaambia hivyo mapema, nahodha yule angepima mwenyewe barafu yake na roho yake, na uamuzi ungekuwa wake.

Pili, na hili ndilo kubwa, kesho yake rudi useme. Ukikosea, rudi useme. Rekodi sauti usiku uleule: nilisema hivi, imekuwa hivi. Usijitetee kwa Kiwayu kama nilivyofanya mimi. Ukipatia pia rudi useme, bila kujisifu. Wengi wetu tukikosea tunajificha siku mbili tatu, halafu tunaibuka na tahadhari mpya, watu wanatuona waongo. Uongo wenyewe uko kwenye zile siku mbili za kimya. Mtume (s.a.w.) alituusia ukweli hata ukiwa mchungu. Wewe umebeba roho za watu kwenye sauti ya dakika mbili. Utabebaje kama huwezi kutamka "nilikosea"? Vijana, tuache kupenda kuitwa wataalamu. Tumwogope Mungu. Anayetafuta sifa kwenye upepo atafute kazi nyingine, kwa maana atakuja kumtoa mtu kwenda baharini siku ya kumzuia, au kumzuia siku ya kumtoa, na yote mawili ni dhuluma.

Na tatu ni hiyohiyo ya pili: rudi useme.

Ijumaa usiku nilirudi nikasema. Nilirekodi mara nne, sauti inakwama. Nikasema nilikosea, nikasema nilisema vibaya, nikawaomba radhi walionunua barafu. Hakuna aliyejibu. Alama zile mbili za buluu zikajaa moja baada ya moja, wote wamesikia, kimya. Nikalala.

Saa tisa usiku wa kuamkia Jumapili simu ikalia. Ni nahodha yule wa barafu. Hakutoa salamu ndefu. "Yuko macho?" anauliza, kama anayemwulizia mtu mwingine. Nikamwambia nipo, shikamoo. Akauliza, "Leo vipi?"

Nikawasha taa nikatazama. Nikamwambia maji yanajaa saa mbili asubuhi, yakigeuka yanaanza kutoka. Kusi ni madema sita kwa kumi, na itaanza kukaza saa nne. Mlango wa Shela kuanzia saa nne mpaka saa saba nisingeupita mimi. Akanyamaza. Nilisikia mtu nyuma yake akikokota nanga juu ya mbao.

"Basi natoka sasa hivi," akasema, "saa tatu uwe gatini unishikie kamba."