Bodaboda wanaweza kusaidia majeruhi, ila wafunzwe kwanza
Ndugu, umeuliza kama bodaboda wa kijiwe chenu hapo Manzese, Dar es Salaam, wanaweza kuhudumia majeruhi kabla gari la wagonjwa halijafika. Wanaweza, maana mara nyingi ndio wanaotangulia kufika. Nenda kwanza serikali ya mtaa, kisha waombeni Msalaba Mwekundu wawape mafunzo. Mkazo uwe kwenye damu: glavu, kitambaa safi, kugandamiza jeraha kwa nguvu bila kuachiaachia. Anayelalamika shingo au mgongo asipakizwe kwenye pikipiki, hata ndugu zake wakipiga kelele (na watapiga). Kukiwa na moto, pigeni 114, namba ya Zimamoto. Kundi la WhatsApp la kuitana ajali ikitokea pekee halitoshi. Pangeni zamu, hasa za usiku, na glavu zikiisha ijulikane nani ananunua.