Maswali na Majibu: Mtoto Ana Kipawa, Mfuko ni Mwembamba

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: mtoto anasomea nyumbani, anakwenda mbio kuliko vitabu vyake, na fedha hazimfikii. Msimamo wetu tuuseme mapema ili msomaji ajue tunaposimama. Masomo yenyewe siku hizi yapo bure, tena mengi kuliko mtoto mmoja anavyoweza kuyamaliza. Kilicho adimu ni mtu wa kusoma kazi ya mtoto na kumwonyesha alipoteleza. Ukiwa na fedha kidogo, ziende huko.

Binti yangu ana miaka 8. Kitabu cha hesabu cha mwaka mzima amekimaliza kwa miezi minne. Nimnunulie kifurushi kamili cha darasa linalofuata?

Usinunue bado. Kifurushi kamili hupangwa kwa umri, na mtoto wa aina hii hana umri mmoja: kwenye kuzidisha anaweza kuwa sawa na wa miaka 11, kwenye vipimo vya uzito na ujazo 9, kwenye mwandiko 7. Ukinunua boksi zima, unalipia kurasa ambazo tayari anazijua, kisha unalazimika kumfanyisha kazi hizo ili fedha isionekane imepotea. Hapo ndipo mtoto anapoanza kuichukia hesabu.

Kwanza mpime. Tafuta mtihani wa mwisho wa kila mada ya mwaka unaofuata. Wachapishaji wengi wa mitaala huweka bure majaribio ya kumpangia mtoto ngazi. Yachukue hata kama huna nia ya kununua vitabu vyao. Mpe jaribio moja kwa siku kwa dakika 30 hadi 40, bila kumfundisha kwanza na bila kukaa ubavuni mwake. Akipata 85 kwa 100 au zaidi, mada iruke, mrudishe tu kwenye yale aliyokosa. Kati ya 60 na 85, fundisha vipande vyenye pengo peke yake. Chini ya 60, anzeni mada mwanzo. Njia hii ya kuubana mtaala ilienezwa Marekani na mtaalamu wa elimu ya wenye vipawa Joseph Renzulli na wenzake tangu miaka ya 1970; mipaka ya alama tuliyoitaja ni kipimo chetu cha kazi, unaweza kuisogeza kidogo.

Kosa la wazazi wengi ni kusahihisha jibu la mwisho tu. Mtoto mwepesi ni hodari wa kukisia, na ana kumbukumbu ya kunasa kanuni bila kuielewa. Chagua maswali matatu aliyopata, mwambie akueleze kwa mdomo. Kama anajumlisha 3/4 na 2/3 vizuri lakini hawezi kusema kwa nini namba za chini lazima zilingane kwanza, mada hiyo haijaisha, hata kama karatasi ina 100.

Muda utakaookoka usiumalize wote kwa kupanda madarasa. Robo tatu uende kwenye maswali magumu ya ngazi ileile. NRICH, mradi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, una mamia ya maswali hayo bila malipo, yamepangwa kwa umri na mada. Karatasi zilizopita za shindano la hesabu la Kangaroo, lililoanzia Ufaransa mwaka 1991, nazo ni nzuri kwa sababu maswali yake hayahitaji kanuni mpya, yanahitaji kuwaza. Mtoto ambaye hajawahi kukwama hadi anafika aljebra hulia siku ya kwanza anapokwama. Ni bora akwame akiwa na miaka 8, wewe ukiwa karibu.

Kila tovuti inasema "bure", lakini ukishajiandikisha unadaiwa. Zipi ni bure kweli?

Khan Academy ni bure kuanzia hesabu za mwanzo hadi kalkulasi, haina matangazo, na mzazi anaona mtoto amefanya nini. Udhaifu wake kwa mtoto mwenye kipawa ni kwamba mazoezi yake ni mepesi na yanafanana. Itumie kujazia mapengo, isiwe chakula kikuu. Alcumus ya Art of Problem Solving, nayo bure, ni kinyume chake: inapima mtoto anavyojibu kisha inampa swali gumu zaidi, na kila swali lina maelezo kamili. Inaanzia kwenye maandalizi ya aljebra, kwa hiyo mtoto asiyeimudu sehemu na desimali atavunjika moyo.

Vitabu vya OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice, ni vya sekondari ya juu na chuo. Unavipakua kama PDF na leseni yake inakuruhusu kuchapa kurasa unazotaka. Kwenye vitabu vya aljebra, majibu ya maswali ya namba witiri yapo mwishoni. Mgawie mtoto witiri ajisahihishe mwenyewe, yale ya shufwa yabaki kwa yule anayemsahihisha.

MIT OpenCourseWare, yaani kozi za chuo kikuu cha MIT cha Marekani zilizowekwa wazi, haitaki hata kujiandikisha, lakini haina mwalimu wala cheti. Kabla ya kuchagua kozi, fungua ukurasa wa mazoezi uone kama yana masuluhisho. Kozi isiyo na masuluhisho iache, hata kama mhadhiri ni mzuri namna gani. CS50 ya Harvard, kozi ya utangulizi wa sayansi ya kompyuta, ni bure pamoja na mfumo wa kusahihisha programu. Inafunguliwa na Scratch, lugha ya kupanga programu kwa vipande vya rangi, kisha inaruka kwenda lugha ya C, na watoto wengi hushindwa inapofika sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta. Mpitishe kwanza kwenye Python, lugha nyepesi kuliko C, kwa miezi kadhaa.

Kwenye majukwaa ya kozi za vyuo kama edX, kinacholipiwa mara nyingi ni cheti na muda wa kubaki ndani ya kozi. Mtoto wa miaka 10 hana kazi na cheti. Soma tarehe ya kufungwa kwa kozi, gawanya masomo kwa majuma yaliyobaki, na pakua mapema kile kinachoruhusiwa kupakuliwa.

Lugha ni kikwazo cha kweli, maana karibu vyote hivi ni vya Kiingereza. Usimsubirishe mtoto hadi Kiingereza kikamilike. Anza na hesabu na Scratch, ambazo maneno yake ni machache na yanajirudia, na mtengenezee daftari la istilahi la safu mbili.

Intaneti yetu ni ya kubahatisha. Yote haya yanatusaidiaje?

Kiwix ni programu ya bure inayofungua faili kubwa za tovuti bila mtandao. Wikipedia nzima ya Kiingereza yenye picha ni kiasi cha gigabaiti 100. Ya Kiswahili hukaa kwenye flashi ndogo. Pakua mara moja penye mtandao mzuri, kisha nakili. Angalizo moja: flashi nyingi huja zimepangwa kwa FAT32, mfumo usiopokea faili moja inayozidi gigabaiti 4. Kunakili kutagoma na utadhani flashi imeharibika. Ipange upya kwa exFAT kabla hujaweka kitu ndani, kwa sababu kupanga upya hufuta kila kilichomo.

Kolibri hufanya kazi kama shule ndogo: unaiweka kwenye kompyuta moja, unaingiza masomo, na simu au vishikwambi vingine vinaunganishwa kwayo kwa Wi-Fi ya nyumbani hata mtandao wa nje ukikatika. Masomo mengi ya Khan Academy yamo. Ukiingiza kila kitu diski itajaa; chagua mada za miezi mitatu tu. Na majaribio ya sayansi ya PhET, ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, kila moja ni faili ya HTML unayoipakua na kuifungua kwenye kivinjari.

Kuna madarasa ya mtandaoni ya watoto wenye vipawa, ada zake zinatisha. Yana thamani?

Mengine yanayo, mengine ni video iliyovalishwa joho. Kabla ya kulipa, uliza: kuna watoto wangapi kwa mwalimu mmoja? Kazi ya kuandika inasahihishwa na nani, na inarudi baada ya siku ngapi? Tuonyesheni kazi moja iliyosahihishwa. Mtoto akishindwa kufuata baada ya vipindi viwili, fedha inarudi? Wakikwepa kuonyesha kazi iliyosahihishwa, ondoka. Alama ya vyema na asilimia juu ya karatasi si usahihishaji, unatafuta sentensi kama "hatua ya nne umechukulia kwamba x si sifuri, je, ikiwa sifuri?"

Uliza pia msaada wa ada, tena mapema. Kituo cha vijana wenye vipaji cha Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, kilichoanzishwa na mwanasaikolojia Julian Stanley mwaka 1979, hutoa msaada kulingana na kipato cha familia. Programu nyingi huutoa huku zikiuandika kwa herufi ndogo chini ya ukurasa. Maombi huwa na mwisho wake kabla ya mwisho wa kujiandikisha, na familia nyingi hufika mlango ukiwa umefungwa.

Njia ya bei nafuu zaidi ni kuchanga. Familia nne zikitumia masomo ya bure zinaweza kumlipa mwanafunzi wa chuo, wa hesabu au wa lugha, kwa saa moja kila baada ya juma, kazi yake ikiwa kusahihisha na kujadili tu. Hapaswi kufundisha mada mpya, na mkubaliane hivyo tangu mwanzo, la sivyo saa itakwisha kwa mhadhara. Watoto walingane kwa mada. Umri si hoja. Wakizidi sita, mkimya hupotea. Kundi la namna hii huvunjika mara nyingi kwa sababu ya ada, kwa hiyo kila familia ilipe ya vipindi vinne mbele, na anayekosa kipindi harudishiwi.

Wahariri, mwanangu wa miaka 9 anasoma vitabu vya watu wazima lakini kuandika aya moja ni vita. Ni uvivu?

Mara nyingi siyo. Kichwa kimetangulia, mkono bado. Tenganisha kazi mbili hizo. Insha aisimulie kwa mdomo, wewe andika au tumia programu ya simu inayogeuza sauti kuwa maandishi, kisha airekebishe mwenyewe. Mwandiko ufanyiwe mazoezi peke yake, dakika nane kwa siku, kwa sentensi za kunakili zisizohitaji kuwaza. Kuchapa kwa vidole vyote, dakika kumi kwa siku. Baada ya miezi michache viunganishe polepole.

Lakini kama anageuza herufi, analalamika mkono unauma, au pengo haliungi licha ya mazoezi, mpeleke kwa mtaalamu. Kipawa na ugumu wa kujifunza hukaa ndani ya mtoto mmoja, na kimoja hukificha kingine: anaonekana wa kawaida tu, kumbe anahangaika pande zote mbili.

Vitabu vya bure vipo Project Gutenberg, iliyoanzishwa na Michael Hart mwaka 1971, na vya kusikiliza vipo LibriVox. Ni vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha, hivyo ni vya zamani, na vingine vina dharau za zamani. Pitia kwanza. Uwezo wa kusoma wa mtu mzima hauji na moyo wa mtu mzima.

Sayansi bila maabara inawezekana?

Kwa fizikia, uzi na kokoto vinatosha majuma mawili. Ning'iniza kokoto, lisukume kidogo, hesabu muda wa mizunguko 10 ya kwenda na kurudi, gawanya kwa 10. Uzi wa sentimita 25 unatoa karibu sekunde 1. Wa mita 1 unatoa karibu sekunde 2. Sasa muulize: wa sentimita 50? Wengi watasema 1.3. Kipimo kitatoa karibu 1.4, na hapo ndipo somo linapoanza. Mwache achore grafu. Haitanyooka, mpaka azidishe kila muda kwa wenyewe: 1, 2, 4 kwa urefu wa 0.25, 0.5, 1.

Vipimo vikigoma, sababu huwa hizi: amehesabu "moja" alipoachia badala ya "sifuri", kwa hiyo amepima mizunguko tisa, amepima uzi hadi kwenye fundo badala ya katikati ya kokoto, amelivuta kokoto mbali mno, likazidi nyuzi 15, au amepima mzunguko mmoja tu, ambapo kuchelewa kwa kidole kunameza jibu. Mwambie aandike makosa yake daftarini. Ndiyo maabara yenyewe.

Kwa nyota kuna Stellarium, programu ya bure inayoonyesha anga. Tovuti ya Zooniverse humpa kazi ya kweli ya kuainisha picha za watafiti, ila ukae naye.

Je, lazima apimwe IQ, yaani kiwango cha akili?

Hapana, labda programu unayoitaka idai. Vipimo hivyo ni ghali na havikuambii Jumatatu afundishwe nini. Julian Stanley, yule wa Johns Hopkins, alipoanza utafiti wake mwaka 1971 aliwapa watoto wa miaka 12 na 13 mtihani wa wanaojiandaa kwenda chuo, nao ukawatofautisha pale ambapo mitihani ya darasa lao iliwapa wote alama za juu. Wewe mpe karatasi iliyopita ya madarasa mawili au matatu juu.

Kozi aliyoipenda inataka miaka 13. Ana 10. Tuandike 13?

Msidanganye tarehe. Akaunti ikigundulika hufungwa na kazi yote hupotea. Masharti mengi ya umri huo yanatokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inayolinda taarifa za watoto, na tovuti nyingi zinaruhusu akaunti ya mzazi yenye mtoto chini yake. Pasipo hilo, fungua akaunti kwa jina lako pale masharti yanaporuhusu, kaa naye, na majukwaa ya mijadala yafunge.