Maswali ya Wasomaji: Kupandisha na Kuteremsha Sauti ya Rekodi Polepole

SWALI: Shikamoo Mhariri. Nimemrekodi nyanya yangu akighani utenzi aliouhifadhi tangu utotoni, nyumbani kwetu Mji wa Kale. Simu niliiweka juu ya mto mbele yake. Mwanzoni anasikika vizuri, lakini kadiri alivyoendelea ndivyo alivyozidi kuegemea nyuma, na kufikia beti za mwisho msikilizaji inambidi atege sikio. Nilifungua rekodi katika Audacity, nikachagua nusu ya pili na kuiongeza sauti, lakini sasa sauti inaruka pale nilipoanzia, kana kwamba mtu amefungua mlango ghafla. Nifanyeje ili ipande polepole bila kujulikana kwamba imeguswa?
Mjukuu, Mji wa Kale, Mombasa

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kuuhifadhi utenzi huo ungali katika kinywa cha mwenyewe. Kilichotokea ni kwamba umeongeza kiasi kimoja kwa sauti iliyokuwa ikipungua muda wote, na kwa hiyo pale ulipoanzia pana mruko, na huko mbele sauti inaendelea kushuka kama zamani. Marekebisho hayana budi kufuata mwendo wa tatizo lenyewe.

Mahali pasipo na kuta, kila umbali kati ya msemaji na maikrofoni unapoongezeka mara mbili, sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti), yaani urefu wa wimbi unaloliona kwenye kioo cha kompyuta unabaki nusu. Ikiwa nyanya alianza akiwa sentimita 30 kutoka kwenye simu na akamaliza akiwa sentimita 120, tofauti inaweza kukaribia desibeli 12, na wimbi likabaki robo ya lilivyokuwa. Chumbani upungufu huwa mdogo kidogo kuliko huo, kwa sababu kuta hurudisha sehemu ya sauti, lakini hesabu hii inatosha kukuonyesha ukubwa wa kazi iliyo mbele yako.

Audacity, programu isiyolipiwa ambayo Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg waliianzisha mwaka 1999 katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani, ina zana iliyotengenezwa kwa jambo hili hasa, nayo huitwa “Envelope Tool”. Ukiichagua, kisha ukabofya juu ya wimbi, hutokea nukta. Ukiivuta nukta hiyo kuelekea katikati ya wimbi, sauti ya mahali hapo hupungua. Ukiweka nukta mbili za viwango tofauti, programu yenyewe huziunganisha, na sauti husafiri kutoka kiwango kimoja hadi kingine bila mruko. Nukta usiyoitaka huondolewa kwa kuivuta hadi nje ya wimbi. Sifa ninayoithamini zaidi katika zana hii ni kwamba haibadilishi sauti iliyorekodiwa, bali huwekwa juu yake tu, na unaweza kurudi kesho ukasogeza nukta ile ile bila kupoteza chochote.

Nakushauri usianze kwa kupandisha mwisho. Teremsha mwanzo. Beti za mwanzo ndizo zilizo na nguvu, kwa hiyo zishushe hadi zikaribiane na za katikati, kisha iachie sauti ipande taratibu kuelekea beti za mwisho ambazo hukuzigusa. Ukisharidhika na mwendo huo, tumia amri ya “Mix and Render” ili mabadiliko yaingie katika sauti yenyewe, halafu amri ya “Amplify” ipandishe rekodi nzima kwa pamoja. Amri hiyo hukupendekezea kiasi ambacho hakitavuka kikomo, na ni vyema upunguze desibeli moja kutoka katika kiasi hicho. Mtu anayepandisha kipande baada ya kipande bila kutazama kikomo humalizia na vilele vya wimbi vilivyokatwa, na mkwaruzo unaotokana na ukataji huo ni vigumu sana kuuondoa ukishahifadhiwa katika faili ya mwisho.

Sasa nukta ziwekwe wapi? Hapa utenzi wenyewe unakusaidia. Kila ubeti una vipande vinne vya mizani 8, na mghani hupumua mwishoni mwa ubeti. Weka nukta zako katika pumzi hizo, wala si katikati ya neno, na usiweke nukta kila ubeti. Moja baada ya beti kadhaa inatosha, kwa kuwa nukta zikisongamana huifanya sauti iyumbe. Kabla ya kusogeza chochote, sikiliza utenzi wote mara moja ukiwa umekaa kimya, kwa sababu si kila mahali paliposhuka sauti ni kosa la simu. Mghani hupaza sauti penye vita na kuishusha penye dua, na ukisawazisha kila kitu utakuwa umeiondoa sanaa ya nyanya kwa mikono yako. Kwa sababu hiyo hiyo sikushauri utumie kompresa, ambayo husawazisha sauti yenyewe bila kujua ni wapi mghani alikusudia kunong’ona.

Jambo moja zaidi. Ukipandisha sauti kwa desibeli 12, pangaboi lililokuwa likizunguka juu yenu na pikipiki zilizopita uchochoroni hupanda pia kwa desibeli 12. Usilenge usawa kamili, bali uache mwisho uwe chini ya mwanzo kwa desibeli 3 au 4. Sikio la msikilizaji hukubali kwa urahisi kwamba mtu mzima amechoka baada ya kughani kwa muda mrefu, ilhali mvumo wa pangaboi unaokua kadiri utenzi unavyokaribia tamati humsumbua. Na rekodi ya asili, kama ilivyotoka kwenye simu, ihifadhi mahali pawili tofauti na usiifanyie kazi hata siku moja. Fanyia kazi nakala.

SWALI: Ninatayarisha vipindi vya mazungumzo na kuvimalizia kwa muziki wa udi. Ninaufifisha kwa sekunde 10 nzima, lakini bado unasikika kama umekatwa. Kosa liko wapi?
Msikilizaji, Likoni

JIBU: Umetumia ufifishaji wa mstari ulionyooka. Katika sekunde 10 hizo, sekunde ya 5 ikifika sauti imepungua kwa desibeli 6 tu, na sikio, ambalo hupima sauti kwa uwiano, halijaona mabadiliko makubwa. Sekunde 7 na nusu zikipita imefika desibeli 12, na kiasi chote kilichobaki, hadi kimya kabisa, kinaporomoka katika muda mfupi wa mwisho. Jaribu “Studio Fade Out”, ambayo hufuata mkunjo laini na kupunguza sauti nyembamba za juu kidogo kidogo, au uchore mkunjo wako mwenyewe kwa nukta kama nilivyomweleza mwenzako. Anza kufifisha mahali ambapo mpigaji anamaliza mzunguko wa lahani.

Ikiwa muziki huo unapita pia chini ya maneno, ushushe zaidi ya vile unavyodhani unatosha: mwongozo wa kimataifa wa kurasa za intaneti zinazofikiwa na watu wote, WCAG 2.0 wa mwaka 2008, katika kiwango chake cha juu kabisa unataka sauti ya nyuma iwe chini ya maneno kwa angalau desibeli 20. Mteremko uanze kama sekunde moja kabla msemaji hajafungua kinywa, ili neno lake la kwanza likute muziki umeshatulia.