Nenda saa kumi na moja jioni: nilivyomtafutia mama kea homu, nyumba ya kulelea wazee, Leicester

Mwezi wa Januari, saa kumi alfajiri, nikiwa zamu ya usiku, simu yangu iliita. Dereva wa teksi alikuwa amemkuta mama kituo cha basi, kavaa kanga mbili na ndara, vidole vimemganda kwa baridi. Namba yangu aliiona kwenye bangili niliyomvalisha. Nilipofika nikamuuliza mama anakwenda wapi. Akaniambia, bila wasiwasi wowote, anasubiri gari la Bububu, kule Unguja.

Mwanangu wa miaka kumi na mitano alikuwa amelala chumba cha pili na hakusikia mlango. Siku hiyo ndiyo niliyokubali kwamba nyumbani kwangu si salama tena kwa mama, mwenye ugonjwa wa Alzheimer, ule unaomfuta mtu kumbukumbu.

Wiki iliyofuata, aliposikia natafuta kea homu, mama mkubwa alinipigia kutoka Unguja. "Mwanangu, mmekosa nini hata mkamtupe mwenzangu kwa watu baki?" Nililia, sikuwa na la kumjibu. Sasa ninalo, na nawaandikia nyinyi ambao nanyi mtapigiwa simu kama hiyo. Ng'ambo, mtaa wa Unguja alikokulia mama, mzee hulelewa na mtaa mzima. Akitoka mlangoni, muuza urojo atamwona, watoto watamshika mkono, jirani atamrudisha. Hapa England mlango ukifunguka alfajiri hakuna mtu barabarani. Mlezi ni mmoja, naye ana zamu. Ukimpeleka mzee wako mahali penye watu walio macho usiku kucha hujamtupa, ila lazima uwe umepachagua vizuri. Mimi mara ya kwanza nilikosea.

Nilikwenda kuiangalia kea homu ya kwanza saa nne asubuhi, kwa miadi. Sebule inanukia maua, mazulia mapya, vikombe vya kaure mezani. Meneja alinitembeza mwenyewe. Nikasaini. Mama alikaa wiki saba akapungua kilo nne. Sahani iliwekwa mbele yake, baada ya nusu saa ikaondolewa, na kwenye daftari wakaandika kwamba hakutaka kula. Mama hakuwa amekataa. Ugonjwa wa Alzheimer ulishamfikisha mahali ambapo akiona uma hajui aufanyie nini. Ukimtilia tonge mkononi anakula mpaka anamaliza.

Kilichoniumiza zaidi ni maji. Kiingereza alichokisema kazini miaka thelathini kilikuwa kimeondoka chote, kimebaki Kiswahili cha utotoni. Hili huwatokea wengi wenye dimenshia, yaani maradhi ya kupoteza kumbukumbu, Alzheimer ikiwemo: lugha ya pili hutangulia kupotea. Mama alikuwa akisema "maji, maji" na hakuna aliyejua neno hilo. Alilazwa hospitali na maambukizi ya njia ya mkojo, amekauka midomo, amechanganyikiwa kuliko nilivyowahi kumwona. Daktari alinieleza kwamba maambukizi kama hayo yanaweza kumvuruga mzee akili ndani ya siku moja tu, kwa hiyo mama yako akibadilika ghafla usiseme ni ugonjwa umezidi. Apimwe.

Kutoka hapo nilijifunza kutafuta upya, na jambo kubwa nililojifunza ni saa ya kwenda. Nenda saa kumi na moja jioni. Jua linapoanza kuzama wagonjwa wengi wa Alzheimer huingiwa na wasiwasi: wanatembea huku na huku, wanatafuta funguo, wanataka kwenda kwao. Saa nne asubuhi kila nyumba inapendeza. Jioni ndipo utaona wahudumu wamebaki wangapi, wamechoka kiasi gani, na wanafanya nini mzee akilia.

Nilizunguka nyumba sita kwa saa hiyo. Katika moja, bibi alikuwa mlangoni anagonga kioo, anasema mama yake anamngoja. Mhudumu akamwambia kwa sauti, "Mama yako alishafariki." Yule bibi akapokea msiba ule upya, mbele yangu. Niliondoka. Katika nyumba tuliyoichagua, mzee mmoja alisema maneno yaleyale, na binti aliyekuwa zamu akamshika mkono, akamuuliza, "Mama yako alikuwa akipika nini jioni?" Wakaondoka pamoja kuelekea jikoni, wakizungumza habari za viazi. Sikuhitaji kuuliza maswali mengi baada ya hapo.

Hata hivyo niliuliza. Usiku mnabaki wangapi kwa wazee wangapi? Wahudumu wenu ni wa kudumu au wa ejensi? Mgonjwa wa kumbukumbu anahitaji kuona sura zilezile kila siku. Meneja ana muda gani hapa? Dawa za kutuliza akili mnazitumia lini, na nani anazipitia upya? Kwa wazee wenye dimenshia dawa hizo huongeza hatari ya kiharusi na kifo, kwa hiyo usikubali kusikia kwamba wanapewa "ili watulie". Mlango wa kufunga kwa namba uliza pia: mzee asiyeweza kuamua mwenyewe akizuiwa kutoka, sheria ya England inaitaka nyumba iombe kibali cha kaunsili, yaani serikali ya mtaa. Meneja anayejua kazi yake atakueleza utaratibu huo bila kusitasita. Na uliza ugonjwa ukizidi, atabaki hapo au atahamishwa?

Angalia sakafu. Sikuwa najua hili mpaka nilipomwona mama kagoma kukanyaga kapeti jeusi la mlangoni. Kwake lile lilikuwa shimo. Sakafu inayong'aa huonekana imelowa. Choo cheupe kwenye chumba cheupe hakionekani kabisa, na mzee atajisaidia mahali pengine, halafu iandikwe kwamba amekuwa mchafu. Nyumba inayojua dimenshia utakuta kiti cha choo kina rangi kali, na milango ya vyumba haifanani.

CQC, mamlaka inayokagua nyumba hizi England, hutoa daraja nne, kuanzia bora kabisa, kisha nzuri, kisha inayohitaji kuboreshwa, hadi isiyotosheleza, na kila nyumba inatakiwa kubandika daraja lake hadharani. Soma ripoti yenyewe, usiishie kwenye daraja. Tazama tarehe, maana nyumba huweza kubadilika meneja akiondoka. Ile iliyomnyima mama maji ilikuwa na daraja la nzuri.

Kwa sisi Waislamu kuna mambo ambayo hakuna ripoti itakayokuambia. Nani atamwogesha mama? Nilisema wazi: wanawake tu, na iandikwe kwenye mpango wake wa malezi. Nyama halali inatoka wapi? Udhu anauweza bado, mikono yake inakumbuka, lakini anahitaji mtu wa kumfungulia bomba na kusubiri. Jaribio langu lilikuwa dogo. Nilibisha mlango wa chumba siku mama alipokuwa hapo kwa majaribio, nikasikia mhudumu anasema ngoja kidogo. Alipofungua, mama alikuwa kafunikwa ushungi vizuri. Hakuna aliyemwagiza mhudumu afanye hivyo.

Niliwaandikia karatasi moja yenye maneno ishirini kwa herufi kubwa, na matamshi yake: maji, choo, njaa, baridi, inauma, nimechoka, niache kwanza. Waliibandika ndani ya mlango wa kabati. Baada ya wiki mbili wapishi walikuwa wanamwambia "karibu chakula". Pia niliandika maisha yake: jina analopenda kuitwa, chai yake ya tangawizi, kwamba haogi asubuhi kabla ya kula, kwamba akiguswa begani kutoka nyuma anashtuka. Alzheimer's Society, shirika la hisani la kuwasaidia wenye dimenshia, wana kijitabu cha bure cha kujaza mambo kama hayo.

Fedha nitasema kwa ufupi, kwa England tu, maana Uskoti na Wales wana taratibu zao. Omba kaunsili ifanye tathmini ya mahitaji. Ni bure, na ni haki yake hata kama ana pesa. Mwenye mali inayozidi pauni 23,250 hujilipia mwenyewe. Nyumba yake huhesabiwa akihamia moja kwa moja, lakini si kama bado anaishi humo mume au mke, au ndugu aliyefikisha miaka 60, na wiki 12 za mwanzo haihesabiwi. Kaunsili ikilipa, lazima ikuonyeshe walau nyumba moja inayofaa kwa kiasi walichokipanga; usikimbilie kuongezea kutoka mfukoni kabla hujaiona. NHS, huduma ya afya ya taifa, hulipa gharama zote kwa wale wachache ambao hitaji lao kubwa ni la kiafya, na inafaa kuomba mpimwe.

La kuwahi ni hati ya Lasting Power of Attorney, ambayo mzee humpa mtu anayemwamini mamlaka ya kumwamulia. Ziko mbili, ya fedha na mali, na ya afya na matunzo, na mzee huzisaini angali anafahamu anachokisaini. Kaka yangu na mimi tuliichelewesha ya afya, tukiona ni kama kumwombea mama mabaya. Ilipofika wakati wa kuihitaji mama hakuweza tena, na kila uamuzi ikabidi tuukalie kikao na watu wasiomjua. Kama mzee wako bado anaelewa, lifanyeni mwezi huu.

Alipohamia, nilikwenda kila siku kwa wiki tatu, jioni, saa yake ya wasiwasi. Siku ya nne nikamkuta kakaa na bibi wa Kigujarati. Leicester imejaa Wahindi waliotoka Afrika Mashariki, wakiwemo waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, lakini akili yangu haikuwahi kufikiri kwamba mmoja wao angekuwa hapo. Huyu alizaliwa Kisumu. Alimwambia mama, "Hujambo, dada," na mama akajibu sijambo, akamsogezea kiti. Hawaelewani sana. Mmoja anasimulia Kisumu, mwingine Ng'ambo, wote wawili kwa wakati mmoja, na wanatosheka.

Nguo zote zishonee jina, hata kanga, maana hufuliwa pamoja. Mimi sikushona, na wiki ya pili kanga ya mama iliyo nyekundu ikapotea. Niliikuta mabegani mwa bibi wa Kisumu. Nikataka kuiomba. Mama akamtazama kwa muda, akasema, "Mwache, imempendeza."