Rejesho litatoka wapi? Maswali yenu kuhusu mchanganuo wa mkopo

Safari hii maswali yametoka Tanga mjini na pwani ya Pangani, na karibu yote yameanzia mlango mmoja: mtu kaenda benki kuomba mkopo wa biashara ndogo, kaambiwa alete mchanganuo, yaani maelezo ya biashara yake na hesabu zake. Nimekaa miaka upande wa afisa mikopo nikisoma michanganuo ya watu, kwa hiyo najua ukurasa upi husomwa na upi hurukwa.

Shikamoo. Nina mgahawa Makorora, nataka milioni 6. Stationery moja wanasema nitoe elfu hamsini wanichapie mchanganuo wa kurasa 30. Nitoe? (Mama lishe, Makorora)

Marahaba mwanangu. Usitoe. Kurasa hizo nazifahamu: dira, dhima, maneno marefu kuhusu uchumi wa nchi, halafu jedwali ambalo mauzo yanapanda kila mwezi bila kuteleza hata mara moja. Pengine jina la mteja aliyetangulia bado limo humo ndani. Afisa huanza kusoma kwenye hesabu, na anachotafuta ni kujua rejesho la kila mwezi litatoka wapi.

Kwa kiasi hicho, kurasa nne au tano ulizoandika mwenyewe zinatosha. Usiseme wateja wako ni "wananchi wote wa Tanga". Sema ni bodaboda wa kijiwe fulani na mafundi wa gereji ya jirani, wanakula sahani ngapi mchana, kwa shilingi ngapi. Kwenye gharama weka mchele, mafuta, mkaa, pango, msaidizi, na wewe mwenyewe. Hapo kwenye "wewe mwenyewe" ndipo wengi wanapojikwaa. Kama ada ya watoto inatoka kwenye droo ya mgahawa, basi ni gharama, iandike. Kisha ugawe ule mkopo: friza kiasi gani, jiko la gesi kiasi gani, kwa bei ulizoziulizia dukani na kupewa proforma, yaani karatasi ya bei kabla ya kununua. Ambatanisha TIN, leseni ya biashara, kitambulisho cha NIDA na barua ya serikali ya mtaa.

Na Ramadhani usiifiche. Andika wazi kwamba mwezi mtukufu mauzo ya mchana yanakufa, na jioni unauza futari: tambi, mihogo, kalimati. Afisa wa Tanga akikuta mwezi huo umeuza sawasawa na mingine, ataanza kuzitilia shaka hata namba zako za kweli.

Nanunua dagaa Kipumbwi, nachemsha, naanika, nawauzia wanaokuja na malori. Pesa yangu huja kwa mafungu, benki inataka rejesho kila mwezi. Nifanyeje? (Kaka wa Kipumbwi)

Swali hili nalipenda. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, vyombo vinalala, na wewe unalala navyo. Masika jua hakuna, dagaa hawakauki. Kusi likivuma, bahari inachafuka. Mambo haya wewe unayajua tangu utotoni, lakini afisa aliyekulia bara hayajui, na hana sababu ya kuyajua. Mchanganuo wako umfundishe kwa nusu ukurasa.

Baada ya hapo chora jedwali la miezi 12, kila mwezi na mistari mitatu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Miezi mibaya ionekane mibaya. Tuseme Januari unabakiwa na milioni 1.4 na Aprili unabakiwa na laki moja na nusu. Rejesho la laki sita Aprili huliwezi, na jedwali litasema hivyo kabla benki haijasema. Hapo una njia mbili. Ya kwanza ni kuomba ratiba ya marejesho ifuate msimu: ulipe zaidi kaskazi, na masika ulipe riba tu. Baadhi ya benki zina utaratibu huo kwa wakulima na wavuvi, lakini usipouomba hakuna atakayekutajia. Ya pili, benki ikikataa, ni kuonyesha akiba unayoitenga miezi minono kuibeba miezi mikavu, na iwe kwenye akaunti ya benki hiyohiyo.

Ushahidi je? Mchanganuo bora kuliko yote niliyowahi kushika ulikuja na daftari la shule lililokakamaa kwa maji ya chumvi. Kila siku ya kazi ilikuwa na mstari wake: ndoo ngapi, bei ya ndoo, kuni, chumvi, wabebaji, kilo zilizokauka, nani kanunua. Mwandiko mbaya, hesabu safi. Siku za mbalamwezi zilikuwa tupu, na utupu huo ndio ulionifanya niliamini. Kama huna daftari, anza leo. Wanunuzi wa malori wakulipe kwa simu au benki, halafu baada ya miezi sita omba taarifa ya miamala yako.

Benki moja na taasisi moja ya mikopo zote zinasema riba ni 3% kwa mwezi, lakini jumla ya kulipa ni tofauti. Nani anadanganya? (Fundi seremala, Ngamiani)

Huenda hakuna anayedanganya. Chukua milioni 6 kwa miezi 12. Riba ikipigwa kwenye mkopo wote hadi mwisho, ni 180,000 kila mwezi, jumla 2,160,000. Ikipigwa kwenye deni lililobaki, huku ukipunguza 500,000 kila mwezi, jumla ni 1,170,000. Tofauti ni 990,000, kwa asilimia ileile iliyobandikwa ukutani. Uliza pia ada ya mkopo na bima, kisha uweke kwenye mchanganuo jumla utakayolipa.

Nyumba ni ya marehemu baba. Naweza kuiweka dhamana? (Msomaji, Chumbageni)

Kwa uamuzi wako peke yako, hapana. Mpaka mirathi ifunguliwe, msimamizi ateuliwe na mahakama, na warithi wenzako waridhie. Hata ingekuwa yako, kama ni nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenzi wako. Ushauri wangu ni kuiacha. Ulizia mkopo unaodhaminiwa na vifaa au mdhamini, au mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ile haina riba.

Mimi riba siitaki kabisa. Kuna njia? (Muuza vitambaa, Barabara ya 12)

Ipo. Amana Bank inafuata sharia ya Kiislamu tangu 2011, na benki za NBC, CRDB na PBZ zina huduma za aina hiyo. Kwa murabaha, benki inanunua mzigo kisha inakuuzia kwa bei yenye faida iliyotajwa tangu mwanzo, nawe unalipa kidogo kidogo. Fedha taslimu hupewi, kwa hiyo mchanganuo wako uwe na orodha kamili ya majora, bei na muuzaji.

Nina deni la kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa. Nilitaje? (Hakutaja mtaa)

Litaje, dada yangu. Mkopeshaji akiwa na leseni, deni linaweza kuwa tayari limo kwenye kumbukumbu za mikopo ambazo benki huzipitia. Asipokuwa nayo, makato yataonekana kwenye miamala yako. Liandike kwenye gharama za kila mwezi uone kinachobaki. Kama hakibaki kitu, maliza kwanza hilo, usilibebeshe lingine. Siku ya kulipa la mwisho dai karatasi ya kumaliza deni, na kadi yako ya benki kama waliishika, kisha ubadilishe namba ya siri kabla hujafika nyumbani.